Nani ampishe nani? Sheria za kufuatilia setilaiti na taka za angani

Tarehe 10 Februari 2009, saa 1:56 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, setilaiti mbili ziligongana juu ya Rasi ya Taymyr kule Siberia, kilomita 789 kutoka ardhini. Moja ilikuwa Iridium 33 ya Marekani, kilo 560, ikiwa kazini kupitisha simu. Nyingine ilikuwa Cosmos 2251 ya Urusi, mzoga wa kilo 900 uliokufa tangu 1995. Kasi ya kukutana ilikuwa takriban kilomita 11.7 kwa sekunde. Vilibaki vipande zaidi ya 2,000 vikubwa vya kutosha kuonekana kwa rada, na baadhi vinazunguka hadi leo.

Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba hakuna aliyeona kitu kikija. Sivyo. Ilikuwepo huduma ya wazi mtandaoni, SOCRATES, iliyokuwa ikipiga hesabu za setilaiti zinazokaribiana kwa kutumia data ya umma. Hesabu yake ya siku hiyo ilisema hizi mbili zitapitana kwa umbali wa mita 584. Kwenye orodha hiyo hiyo yalikuwemo makutano mengine mengi yaliyotabiriwa kuwa ya karibu zaidi, na yote hayo yalipita salama. Data yenyewe ilikuwa na kosa la kama kilomita moja kila upande, kwa hiyo mita 584 haikumaanisha lolote. Jeshi la Marekani lilikuwa na data bora kuliko hiyo, ila wakati ule lilikagua kwa ukaribu setilaiti zake muhimu na vyombo vya wanaanga, si setilaiti ya kila kampuni. Wala hapakuwa na sheria iliyomtaka yeyote amwambie yeyote.

Tangu hapo sheria zimeongezeka, na sehemu kubwa ni nzuri. Lakini ukizisoma moja moja utaona jambo: zinakulazimisha ujulikane, ufuatiliwe, na ushuke ukimaliza kazi. Setilaiti mbili hai zikielekea kugongana, hakuna hata moja inayosema nani ampishe mwenzake. Angani hakuna kipilefti wala askari wa trafiki.

Tuanze na Marekani, maana ndiyo inayoshika daftari ambalo karibu kila mtu hulitumia. Kikosi cha 18 cha Ulinzi wa Anga za Juu, kambi ya Vandenberg, California, hutunza orodha ya vitu vyote vinavyofuatiliwa. Kila kitu kina namba. Namba 5 ni Vanguard 1, iliyorushwa Machi 1958, na bado ipo juu. Data hutoka kwenye mtandao wa rada na darubini, ikiwemo Space Fence, rada kubwa ya visiwa vya Kwajalein iliyoanza kazi rasmi Machi 2020. Kawaida ya mfumo huu ni vitu vya sentimeta 10 kwenda juu katika obiti za chini, yaani njia za kuzunguka Dunia zilizo karibu na ardhi. Shirika la Anga la Ulaya linakadiria vitu vya ukubwa huo kuwa kama 54,000, vya kati ya sentimeta 1 na 10 milioni 1.2, na vya chini ya hapo hadi milimeta 1 ni milioni 140. Kwa maneno mengine, sheria yoyote ya ufuatiliaji inahusu lile fungu la kwanza tu. Kipande cha sentimeta 2 kinatosha kuiua setilaiti yako, na hakuna atakayekupigia simu kukuonya.

Jeshi linatoa data hiyo kwa raia na kwa wageni kwa sababu sheria imeliruhusu: kifungu cha 2274 cha Sura ya 10 ya sheria za Marekani. Kifungu hicho kinaruhusu kugawa data kwa serikali na kampuni za nje, na papo hapo kinaikinga serikali isishitakiwe data ikikosewa. Hilo la pili wengi hulipita haraka. Ukipata onyo la uongo ukachoma mafuta bure, au usipate onyo ukagongwa, huna wa kumdai. Ndiyo maana mwendeshaji makini hachukui onyo la jeshi kama amri. Analichukua kama taarifa ya kupimwa.

Juni 18, 2018, Rais Trump alisaini Agizo la Sera ya Anga Namba 3. Liligawa kazi: jeshi libaki na daftari lake kuu, na Wizara ya Biashara ichukue huduma kwa raia, yaani kupokea data, kukagua makutano na kutoa maonyo. Agizo la rais si sheria, halina fedha ndani yake. Bunge lilisita, likataka kwanza utafiti huru wa ofisi ipi inafaa. Taasisi ya Taifa ya Utawala wa Umma ilijibu Agosti 2020 kwamba ni Ofisi ya Biashara ya Anga, iliyo chini ya wizara hiyo. Mfumo uliozaliwa, TraCSS, ulianza kuwahudumia watumiaji wa majaribio tarehe 30 Septemba 2024, miaka sita na ushei baada ya agizo. Mwaka uliofuata Ikulu ikapendekeza bajeti ya ofisi hiyo ishuke kutoka dola milioni 65 hadi milioni 10 na TraCSS isitishwe, na kampuni za setilaiti zenyewe zikaandikia Bunge kupinga. Hapo ndipo unapoona ubaya wa kujenga huduma ya usalama juu ya agizo na bajeti ya mwaka mmoja mmoja, bila sheria inayosema huduma hii lazima iwepo. Muswada wa ORBITS, unaohusu kuondoa taka hatari na kuhuisha viwango, ulipita Seneti 2022 na tena 2023. Mara zote mbili Baraza la Wawakilishi halikuupitisha.

Sasa tuangalie onyo lenyewe, maana sheria zote hizi mwisho wake ni karatasi moja ya data inayofika kwenye kompyuta ya mtu wa zamu. Waendeshaji huiita CDM. Muundo wake ni wa kimataifa, ulichapishwa 2013, na ndani yake kuna saa ya kukaribiana, umbali, kasi, nafasi ya kila kitu, na kiwango cha shaka cha kila nafasi. Chukua mfano wa hesabu: setilaiti yako na kipande cha roketi katika kimo kilekile, njia zao zikikatana kwa pembe mraba, kasi ya kukutana kilomita 10.6 kwa sekunde. Umbali uliotabiriwa ni mita 420.

Mita 420 inatuliza moyo, na ndiyo namba ya kwanza ambayo mgeni huisoma. Mzoefu anashuka chini kidogo kwenye mgawanyo wake: mbele-nyuma mita 296, kushoto-kulia mita 296, juu-chini mita 35. Hiyo 35 ndiyo yenye habari. Kimo cha kitu angani hujulikana vizuri, shaka yake ni makumi ya mita. Nafasi yake mbele-nyuma haijulikani vizuri hata kidogo, kwa sababu hewa nyembamba ya huko juu humsukuma kila mtu nyuma kwa kiasi kinachobadilika kila Jua linapochafuka. Kwa hiyo mita 35 za juu-chini ni kinga halisi ila ni ndogo, na mita 296 za mbele-nyuma ni kinga ya kudhania.

Weka shaka ya mita 40 kwa juu-chini, na kwa ule upande wa mlalo weka 700, ambayo ni kama kipande chenye shaka ya karibu kilomita moja mbele-nyuma. Chukua ukubwa wa vitu viwili kwa pamoja kuwa nusu kipenyo cha mita 5. Uwezekano wa kugongana unatoka kama 2.5 kati ya 10,000. Kizingiti ambacho NASA na waendeshaji wengi hutumia ni 1 kati ya 10,000. Basi hapo unahama.

Lakini jaribu kuzidisha ile shaka ya mlalo mara kumi, iwe mita 7,000, mengine yote yabaki. Uwezekano unashuka hadi kama 3 kati ya 100,000, chini ya kizingiti. Umejua kidogo zaidi, na hesabu inakuambia uko salama zaidi! Huu ndio mtego mkubwa wa kazi hii, na sheria inayoandika tu "mwendeshaji ahame uwezekano ukizidi 1 kati ya 10,000" inamtega mwendeshaji mvivu: asipoleta data nzuri, hatalazimika kuhama kamwe. Sheria nzuri huweka masharti mawili kwa pamoja, kizingiti cha uwezekano na kiwango cha ubora wa data. Kama data ni mbovu mno, wajibu wa kwanza uwe kuitafuta bora: omba rada ipime tena, au nunua vipimo kwa kampuni binafsi.

Kuhama kwenyewe si kazi kubwa kama watu wanavyofikiri. Ukibadili kasi kwa sentimeta 1 tu kwa sekunde, kuelekea mbele au nyuma, saa 24 kabla ya makutano, utakuwa umesogea kilomita 2.6 kwenye njia yako. Kanuni ya mkono ni mara tatu: mabadiliko ya kasi zidisha muda zidisha 3. Kwa setilaiti ya kilo 100 yenye injini ya haidrazini, hiyo ni chini ya nusu gramu ya mafuta. Ukichelewa hadi nusu mzunguko kabla, dakika 48 hivi, sentimeta ile ile 1 kwa sekunde itakupa mita 37 tu za juu-chini. Ukitaka zaidi lazima uchome zaidi. Gharama ya kweli iko kwingine: kamera inazimwa, ratiba ya picha inavurugika, na njia mpya lazima ikaguliwe upya isije ikakupeleka kwa kipande kingine. Hilo la mwisho hutokea, na wanaolisahau ni wale wanaohama kwa haraka.

Tatizo la muda linatuhusu sisi wa Ikweta kuliko wengine. Setilaiti ya obiti ya ncha kwa ncha, kimo cha kilomita 500, huzunguka Dunia kama mara 15 kwa siku. Antena iliyo Svalbard, karibu na Ncha ya Kaskazini, huiona kila mzunguko. Antena iliyo Nairobi au Dar es Salaam huiona kama mara nne kwa siku, mbili asubuhi na mbili usiku, kila mara kwa dakika zisizozidi kumi hivi. Katikati kuna pengo la saa kumi. Onyo likija setilaiti ikiwa imeshapita, huna njia ya kuiamrisha ihame hadi irudi. Wanaoandika kanuni kule Washington na Brussels hawalihisi sana hili.

Na kama haina injini? Visetilaiti vingi vya vyuo vikuu havina. Cha vipande vitatu, sentimeta 10 kwa 10 kwa 34, kinaweza kugeuzwa kikaelekea kwa ubavu badala ya kichwa, na eneo linalokabili hewa likaongezeka zaidi ya mara tatu. Hewa itakivuta nyuma kidogo zaidi. Njia hii inafanya kazi kwenye kimo cha kilomita 400 na 500, inahitaji siku kadhaa, na kimo cha kilomita 700 ni kama haipo.

Yote hayo yanadhani kwamba upande mmoja ni taka. Taka haijadiliani, basi wewe ndiye unayehama. Mambo huwa magumu pande zote mbili zikiwa hai. Kisa cha Agosti na Septemba 2019 kinafaa kusomwa na kila mtunga kanuni. Aeolus, setilaiti ya Ulaya ya kupima upepo, ilikuwa inaelekea kukutana na Starlink 44, setilaiti ya intaneti ya kampuni ya Marekani SpaceX. Onyo la kwanza lilikuwa na uwezekano wa kama 2 kati ya 100,000, pande mbili zikaandikiana barua pepe, SpaceX ikasema haina mpango wa kuhama kwa sasa. Sawa kabisa kwa namba ile. Siku zilizofuata uwezekano ulipanda ukavuka 1 kati ya 1,000. Ulaya iliandika tena. Kwa maelezo ya SpaceX yenyewe, hitilafu kwenye mfumo wa kumwita mtu wa zamu ilimfanya asizione barua hizo. Tarehe 2 Septemba, nusu mzunguko kabla ya makutano, Aeolus ikajiinua ikapita juu.

Hakuna aliyevunja sheria yoyote. Hakuna sheria iliyosema SpaceX ahame, au Ulaya ihame, au kwamba simu ya zamu lazima ipokelewe ndani ya saa moja. Hatari kubwa zaidi ni kwamba wote wawili wangeweza kuhama kwa pamoja, upande uleule, kila mmoja akiamini mwenzake ametulia. Leo setilaiti za Starlink huamua kuhama zenyewe kwa kompyuta. Kwa ripoti ya kampuni hiyo kwa tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, zilihama zaidi ya mara 140,000 kati ya Desemba 2024 na Mei 2025. Namba hiyo tunaijua kwa sababu leseni yao inawabana waripoti kila nusu mwaka. Sharti dogo la leseni limeleta uwazi kuliko maazimio mengi ya mikutano. Kumbuka tu kwamba ukitaka kumpisha anayehama mwenyewe bila kukuuliza, unahitaji kujua mpango wake kabla, na njia pekee ni yeye kuchapisha njia yake ya siku zijazo na kuihuisha mara kwa mara. Hilo ndilo ningeliweka juu ya orodha kwenye muswada wowote, kabla hata ya faini.

FCC ni mfano wa kuchekesha kidogo. Mamlaka yake yanatokana na Sheria ya Mawasiliano ya 1934, miaka 23 kabla ya setilaiti ya kwanza, Sputnik, lakini ndiyo iliyogeuka mlinzi mkali zaidi wa taka za angani, kwa sababu moja: hakuna setilaiti isiyohitaji masafa ya redio. Ukitaka masafa, toa mpango wa kujiondoa. Septemba 29, 2022 iliamua kwamba setilaiti ya obiti ya chini, yaani chini ya kilomita 2,000, ishuke ndani ya miaka 5 baada ya kazi kuisha. Mwongozo wa zamani ulikuwa miaka 25. Sharti jipya lilianza kubana miaka miwili baadaye, na linamhusu pia mgeni anayetaka kuuza huduma Marekani.

Miaka 5 inabadili muundo wa chombo tangu mezani. Kwenye kilomita 400, kisetilaiti kidogo hushuka chenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwenye 500 na ushei ni miaka kadhaa, kutegemea Jua. Kwenye 800 ni zaidi ya karne. Kwa hiyo aliyekuwa anapanga kilomita 650 bila injini kwa kutegemea miaka 25, sasa ama ashuke hadi 500, ama aweke tanga la kuongeza msuguano, ama anunue injini. Na tanga lina kasoro ambayo wauzaji hawaitangazi: linafunguka mwisho wa kazi, wakati betri imechoka na kompyuta imeshapigwa na mionzi miaka mingi. Lisipofunguka, hakuna fundi wa kumpeleka. Muundo mzuri ni ule unaofunguka wenyewe mawasiliano yakikatika kwa muda uliowekwa.

Faini ya kwanza ya taka za angani ya FCC ilikuja Oktoba 2023: dola 150,000 kwa Dish Network, kampuni ya televisheni ya setilaiti. Setilaiti yao EchoStar-7, ya obiti ya kilomita 35,786 ambako setilaiti huonekana kusimama, ilitakiwa ipandishwe kilomita 300 juu ya hapo kwenye makaburi ya setilaiti. Iliishia 122, mafuta yakaisha. Anayeshangaa mtu anawezaje kukosea mafuta ajue kwamba katika hali ya kuelea hakuna kijiti cha kutumbukiza tangini. Kiasi kilichobaki hukadiriwa kwa kujumlisha kila uchomaji wa miaka ishirini, au kwa kupima shinikizo na joto la tangi, na kosa hujikusanya. Sheria ikisema "bakiza mafuta ya kujiondoa" bila kusema bakiza na kosa la kipimo juu yake, itaendelea kupata matokeo ya namna hii.

Ulaya imekwenda kwa njia nyingine. Ufaransa ina sheria yake ya shughuli za anga tangu Juni 3, 2008, na shirika lake la anga, CNES, hukagua ufundi wa kila mradi kabla ya kibali. Ninaipenda kwa sababu inaangalia chombo chenyewe, si redio yake tu. Juni 25, 2025 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza sheria moja kwa Umoja mzima, itakayomgusa pia mwendeshaji wa nje anayehudumia soko lake, na ndani yake kuna wajibu wa kujiunga na huduma ya kuepusha migongano. Ikipita, inatakiwa ianze kutumika 2030.

Na Umoja wa Mataifa? Mkataba wa Usajili unataka nchi iandikishe jina la kitu, tarehe na mahali pa kurushwa, kimo cha juu na cha chini, mwinamo, muda wa mzunguko, na kazi yake kwa ujumla, "mapema iwezekanavyo". Hayo ni ya mwenye mali, hayasaidii kuepuka ajali ya kesho saa nne. Mkataba wa Dhima wa 1972 ni wa baada ya ajali: kitu kikianguka kikaharibu ardhini, nchi iliyorusha inalipa bila kuulizwa kosa, kikigonga kingine angani, inalipa pale tu kosa lake likithibitishwa. Na kosa utalithibitishaje kama hakuna sheria ya nani ampishe nani? Ndiyo maana baada ya ajali ya 2009 hakuna dai lililopelekwa chini ya mkataba huo.

Sehemu ya ardhini Wakenya wanaijua. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kipenyo cha mita 2.5, kilo kama 500, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga la Kenya liliichukua na kusema ni sehemu ya roketi. Lakini kudai fidia chini ya mkataba kunaanza na kujua ni ya nani, na kujua ni ya nani kunategemea daftari la ufuatiliaji lile lile la mwanzo. Muungano wa Kisovieti uliilipa Kanada dola milioni 3 za Kanada kwa setilaiti yake Cosmos 954 iliyoanguka huko 1978, kwa sababu hapakuwa na ubishi kuhusu mwenyewe.

Nchi zetu si watazamaji tena. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa Aprili 15, 2023 kutoka Vandenberg kwa roketi ya Falcon 9. Kwa maana ya mkataba, nchi inayorusha ni pamoja na inayoagiza urushaji na ile ambayo ardhi yake imetumika, kwa hiyo Kenya na Marekani zote zinabeba dhima hiyo. Rwanda mwaka 2021 iliandikisha kwa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano mpango wa setilaiti zaidi ya 300,000 kwa ajili ya kampuni binafsi. Karatasi si setilaiti, na nyingi za namna hiyo hazirushwi. Hata hivyo Mkataba wa Anga wa 1967, kifungu cha 6, unaiwajibisha nchi kwa shughuli za kampuni zake, na kuitaka izipe kibali na izisimamie muda wote. Ukisimamisha jina la nchi juu ya setilaiti laki tatu, unahitaji watu wa kuzisimamia.

Anayeandika kanuni Nairobi, Kigali au Dodoma hahitaji kuanza na rada ya Kwajalein. Masharti ya kibali yenye thamani ni ya bei ndogo. Kabla ya kurusha, mwendeshaji awe na mkataba wa data na daftari la Marekani au huduma nyingine inayotambulika, na atoe namba ya simu ya zamu inayopokelewa saa 24, pamoja na ya pili kama ya kwanza haipatikani. Chombo kiwe na njia ya kutambulika siku za mwanzo. Roketi moja inaweza kuachilia zaidi ya mia kwa mkupuo, safari iliyoitwa Transporter-1 ya Januari 2021 iliachilia 143, na kwa wiki kadhaa rada huona vinukta tu bila majina. Mwenye redio inayosikika na masafa yaliyoandikishwa hujitambua kwa kulinganisha mabadiliko ya sauti ya redio na njia ya kila kinukta. Aliyekufa siku ya kwanza huenda asitambuliwe kabisa. Kioo cha kurudisha mwanga wa leza, kilichobandikwa ubavuni, ni chepesi, hakili umeme, na kinafanya kazi hata chombo kikiwa maiti.

Kisha njia ya siku saba zijazo ipelekwe kila siku kwa chenye injini, pamoja na kiwango cha shaka cha kweli. Nasema cha kweli kwa sababu wapo wanaopeleka shaka ndogo mno ili waonekane hodari, na hiyo huharibu hesabu ya mwenzao. Mkaguzi anaweza kuwashika kirahisi: linganisha njia waliyotabiri Jumatatu na waliyoipita kweli Alhamisi.

Jambo la mwisho ni lile pengo la saa kumi. Kibali kiruhusu na kumtaka mwendeshaji awe na mkataba na angalau kituo kimoja cha nje, cha kaskazini au kusini ya mbali, kwa amri za dharura, na mamlaka ya mawasiliano yaidhinishe masafa hayo mapema pamoja na leseni yenyewe. Kibali cha masafa kinachoombwa baada ya onyo kufika hakiwezi kutoka kabla ya makutano.